Amsterdam Hadi Calgary, Vidole Kumi na Sita

Mwaka ule mwanamume wa Mogitu alipoleta posa nyumbani kwetu Nangwa, mimi nilikuwa nimerudi kutoka machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani bila hata punje ya jiwe, na baba alinitazama jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe aliyenunuliwa mnadani kwa bei rahisi: anasubiri kuona ugonjwa. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Shule niliiacha darasa la sita, siku mwalimu aliponiambia swali langu halimo kwenye mtihani. Tangu hapo nilikuwa nimekuwa utingo wa lori la vitunguu, mchoma matofali, mchunga ng'ombe wa watu kule bondeni, na mbeba viroba vya mchanga ndani ya shimo. Sikukaa mahali popote zaidi ya mavuno mawili. Nilichokuwa nacho kwa wingi ni maswali.

Kwa hiyo baba aliponiita nyuma ya zizi akasema kuna mtu anamtaka mdogo wangu, na mtu huyo anasema anaishi nchi ya mbali ambako anataka kumpeleka, sikushangaa aliponipa kazi.

"Wewe umetembea," alisema. "Uongo wa njiani unaujua. Mchunguze."

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Kabla ya hapo madukani kulikuwa na rafu tupu na foleni ya sukari. Ghafla kukawa na kila kitu, na kila kitu kikawa na kasoro yake. Betri za redio zilikufa siku ya tatu. Mbegu za mahindi zilizokuja kwenye mifuko inayong'aa ziliota majani mazuri, zikakataa kuzaa. Mafuta ya taa yalichanganywa na kitu ambacho hatukukijua mpaka taa zilipoanza kutema moshi mweusi. Sisi tuliozoea kununua kwa mtu tunayemjua, tukajifunza kupindua kila kitu na kutazama chini yake kabla ya kukubali. Tulipindua hadi watu. Msichana wa jirani yetu alikuwa ameolewa na kijana aliyesema ana nyumba Arusha. Alipofika huko akakuta nyumba ni chumba cha gesti, na ndani ya chumba kuna mke mwingine.

Mwanamume wa Mogitu alikuwa fundi wa matrekta. Alijifunza kazi kule Basotu, kwenye mashamba makubwa ya ngano, kwa Wazungu wa Kanada waliokuwepo enzi hizo. Alisema Wazungu hao walipokuwa wanafunga mizigo yao mmoja alimchukua akasome zaidi ufundi kwao, karibu na mji unaoitwa Calgary, na alipomaliza akapata kazi huko huko. Sasa amepewa likizo ya miezi miwili, amekuja kuoa, atarudi na mke. Mdogo wangu alimjua tangu zamani, siku alipokuja kutengeneza mashine ya kusaga ya parokia. Walikuwa wameandikiana barua. Yeye alimtaka, hilo nyumba nzima ililijua, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mimi nilikuwa na habari nyingine. Pale mnadani Katesh mtu mmoja aliniambia amemwona fundi yule Mirerani, si muda mrefu uliopita, akichekecha vumbi kama watu wengine. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika na mwendo wake, sura hakuiona vizuri kwa ajili ya vumbi. Nilipaswa kujua thamani ya hakika ya namna hiyo. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka shimoni mikono mitupu, na niliona kwamba kama yupo mtu wa rika langu aliyekwenda mbali kuliko mimi, kwanza athibitishe.

*

Kwetu mshenga akija na neno la posa huja na kibuyu cha asali. Kibuyu kinawekwa mezani kikiwa kimefungwa. Kikifunguliwa, neno limepokelewa. Kikirudi kimefungwa, hakuna anayehitaji kueleza kitu, na hata mtu akikutana na mshenga njiani hamuulizi.

Walikuja Jumapili baada ya ibada: mshenga, ambaye alikuwa mzee wa kanisa huko Mogitu, mtu mpole mwenye kofia ya sufi, na fundi mwenyewe nyuma yake amevaa koti zito kama la askari wa zamu. Upande wetu alikaa baba, mimi, na mjomba, kaka yake mama, mtu ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika. Fundi aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, vizuri, bila haraka. Akafika kwangu akanyoosha mkono.

"Habari za siku nyingi, shemeji."

"Bado sijawa shemeji yako," nikamwambia. "Hiyo asali bado imefungwa."

Mjomba akacheka. Fundi naye akatabasamu, akakaa. Hilo tabasamu nililiandika moyoni kama kosa la kwanza.

Nilianza kumuuliza. Sikumuuliza habari za kazi wala nyumba, kwa sababu hayo mtu anaweza kuyapanga. Nilimuuliza njia. Mirerani nilijifunza kwamba mwongo anaitengeneza nyumba yake vizuri, ila barabara ya kufikia nyumba hiyo husahau kuitengeneza. Nikamuuliza alipandia wapi ndege, akasema KIA, ule uwanja wa Kilimanjaro, jioni. Nikamuuliza wapi iliposhuka, akasema Amsterdam, asubuhi, baada ya saa nane na nusu hivi za kuruka. Nikamuuliza kutoka hapo. Akasema alisubiri uwanjani mpaka mchana, akapanda ndege nyingine ya kwenda Calgary, na hiyo iliruka kwa muda wa saa tisa.

"Iliondoka saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

"Ikafika?"

"Saa nane mchana," alisema. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaka kusaidia, "Siku hiyo hiyo."

Baba alikuwa akitazama fimbo yake. Mjomba akauliza kama saa saba hadi saa nane ni saa tisa huko kwa Wazungu, au ni lile soko huria. Fundi akaanza kueleza kwamba jua la kule linachelewa, na saa zao zimerudi nyuma, lakini mjomba alikuwa ameshapata kitu chake na hakukiachia. Akamuuliza kurudi je. Fundi akasema kweli, maskini: kurudi aliondoka Calgary saa kumi jioni akafika Amsterdam saa mbili asubuhi, kesho yake.

Mjomba akahesabu kwa vidole, polepole, ili wote tuone. Kwenda saa moja. Kurudi saa kumi na sita.

"Labda kurudi ni kupanda Magara," alisema.

Hapo hata mshenga alicheka, kwa sababu hakuna mtu wa kwetu asiyejua lori linavyoshuka mteremko wa Magara kama jiwe na linavyopanda kwenda Mbulu likilia siku nzima. Fundi hakucheka. Alitoa mfukoni kipande cha karatasi ngumu, akasema ni cha siku hiyo, kimeandikwa saa zote mbili. Kikapita mikono. Mjomba akakipindua akatazama nyuma, akasema hata tiketi za disko Babati zinachapwa vizuri hivi.

Nikauliza swali langu la mwisho. Nikamuuliza, kati ya Amsterdam na Calgary, chini aliona nini. Nilitegemea aseme bahari. Alisema mwanzo ilikuwa bahari, halafu nchi ya barafu tupu, milima myeupe mitupu isiyo na mti wala nyumba, muda mrefu sana, halafu tena maji yenye mapande ya barafu. Alisema ilikuwa upande wa kaskazini kabisa, karibu na kichwa cha dunia.

"Kwa nini ndege ipite kichwani mwa dunia wakati inakwenda magharibi?"

Alikichukua kile kipande cha karatasi, akakirudisha mfukoni.

"Kaka, mimi nimekwambia nilichoona nikiwa nimekaa kwenye kiti," alisema. "Njia anaijua rubani."

Baba akasema neno limesikika, tutajibu wiki ijayo. Asali ikabaki mezani kwetu, imefungwa.

*

Msimu ule kazi yangu pale kijijini ilikuwa kushika kamba. Watu walikuwa wanagawana mashamba ya baba zao, na mipaka ya zamani ilikuwa mti uliokatwa au jiwe lililohama. Tulitumia kamba ya katani yenye mafundo. Ncha moja anashika huyu, ncha ya pili anashika yule anayegombana naye, na mimi natembea katikati nikihesabu mafundo kwa sauti. Sheria ilikuwa moja: aliyeshika ncha haruhusiwi kulalamika baadaye. Nimeona ndugu wa tumbo moja waliokuja na mapanga wakaondoka wametulia, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshika ncha yake. Wazee walisema kamba haina ndugu. Kiapo watu walikuwa wameanza kukitilia shaka, karatasi za ofisini vile vile, kamba, hapana.

Ndiyo maana wazo lilinijia la kuipima ile safari.

Katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi kulikuwa na ramani ya dunia ukutani, kubwa, imechanika pembeni, ile ambayo nilikuwa nikiitazama dirishani nilipokuwa mtoto badala ya kuingia darasani. Nikamwambia baba. Baba akapenda. Akatuma watu Mogitu waseme kwamba mambo yatapimwa kwa haki, pande zote mbili zikiwepo, na mshenga akakubali kuja kushika ncha.

Siku moja kabla ya hapo mdogo wangu alinikuta kisimani nikinywesha ndama. Alikuwa na ndoo kichwani na hakuitua.

"Kaka, unapima ndege, au unampima yeye?"

Nikamwambia napima maneno.

"Maneno yake mimi niliyasikia kabla yako," alisema, akapita.

Tulikutana shuleni Jumatano saa nne asubuhi. Mwalimu mkuu alitufungulia, akasimama karibu na kabati mikono nyuma. Nilikuwa nimechukua uzi wa kushonea viatu, mwembamba, ulionyooka. Kwanza tukapima kutoka Kilimanjaro hadi Amsterdam. Mshenga akashika ncha ya chini, pale mlimani, mjomba akashika ya juu. Nikaweka vidole vyangu kwenye uzi, kimoja baada ya kimoja. Vidole kumi. Tukasema vizuri, vidole kumi ni saa nane na nusu. Halafu Amsterdam hadi Calgary. Mjomba hapa, mshenga kule, karibu na ukingo wa kushoto wa ramani, amesimama kwa ncha za vidole vya miguu na kofia yake ya sufi imemshuka usoni. Uzi ukanyooka kama mpaka wa shamba. Ulipita juu ya bahari tupu. Ile nchi nyeupe ya barafu ilikuwa juu kabisa, mbali, zaidi ya shubiri moja kutoka kwenye uzi. Nikahesabu. Vidole kumi na sita.

Nikarudia kuhesabu, si kwa sababu nilikuwa na shaka, ila nilitaka kusikia tena. Kama vidole kumi ni saa nane na nusu, kumi na sita haviwezi kuwa saa tisa. Vilikuwa vinakaribia saa kumi na nne. Kuna saa tano hivi zilizopotea angani, na kuna barafu iliyohama kutoka mahali pake kwenda kutazamwa na fundi wa matrekta.

Mwalimu mkuu alikohoa. Alianza kusema kwamba ramani ile imechorwa kwenye karatasi bapa, na tena kuna suala la saa za nchi na nchi, lakini mjomba alimkata kwa heshima. "Mwalimu, tunapima njia. Saa tumezisikia tayari." Na mwalimu, ambaye alikuwa mgeni kutoka pwani na alikuwa anakula mahindi ya wazazi wa wanafunzi wake, akanyamaza. Mimi nilimsikia vizuri. Mimi ambaye niliacha shule kwa sababu ya mwalimu aliyekataa swali, siku ile nilipata mwalimu mwenye jibu, na sikumuuliza.

Mshenga aliushikilia uzi muda kidogo zaidi, akitazama pale kidole chake kilipokuwa. Halafu akaachia. Hakusema neno. Alikuwa ameshika ncha.

Alasiri ile alikuja nyumbani, akachukua kibuyu kikiwa kimefungwa, akaenda.

*

Fundi aliondoka wiki iliyofuata, siku ile ile aliyokuwa amesema tangu mwanzo kwamba likizo yake inaisha. Nilikwenda Katesh kumtazama akipanda basi. Sikuwa nimejificha, ila sikujionyesha pia. Nilisimama kwa wauza viatu vya mitumba nikishika kiatu. Nilitaka kuona anaelekea wapi. Alipanda basi la Arusha na begi moja na lile koti. Lakini kutoka kwetu, anayekwenda KIA na anayekwenda Mirerani wanafuata njia moja hadi karibu na mwisho kabisa, wanaachana pale ambapo mtu akitema mate yanaweza kuangukia popote. Nikasema moyoni, naam, Mirerani. Nikarudisha kiatu.

Barua zilikuja mbili kupitia parokia. Zilikuwa na stempu yenye ua na maandishi ya kigeni. Mjomba alisema stempu hata mnadani zinauzwa. Mdogo wangu alizipokea, akaingia ndani, na hatukusikia kilichoandikwa. Baada ya hapo hazikuja tena.

Sitaki kusema kwamba alikonda au alilia. Aliendelea. Alishona sare za shule, aliimba kwaya, mama alipougua alimuuguza hadi mwisho. Lakini alikuwa ameshapata jina. Alikuwa yule binti wa Nangwa ambaye nusura aibwe na tapeli wa ndege, na hadithi hiyo aliyeisambaza zaidi ni baba, kwa sababu ilikuwa hadithi ya ushindi wake. Kila mgeni alisimuliwa. Alisimuliwa vidole kumi, alisimuliwa vidole kumi na sita, na wakati huo mdogo wangu anapita na chai. Posa mbili zilikuja zikaulizia kwanza kwa nini asali ya Mogitu ilirudi, na baada ya kusikia, wenye posa wakamwona msichana aliyetaka kumfuata mtu kama yule hana akili ya kuchagua. Mimi nilikuwa nimeshaondoka tena. Nilikaa Haydom, nikakaa Singida, nikavua kambare ziwa Babati, nikasahau.

*

Kisha mkoa wetu ukagawanywa na Babati ikawa makao makuu ya Manyara. Mji uliokuwa stendi na maduka ukajaa wapima viwanja, wapaka rangi na watu waliobeba mafaili. Nilipata kibarua cha kushusha mizigo kwenye duka la vifaa vya ofisi lililokuwa limefunguliwa karibu na barabara kuu. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene, mkali, aliyehesabu kalamu kabla na baada ya mimi kupita karibu nazo.

Ndani ya boksi moja kulikuwa na dunia ya plastiki, ya duara, inayozunguka kwenye kijiti. Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba dunia ni duara, nani hajasikia. Lakini kusikia ni kitu kimoja, na kuishika mikononi ikiwa nzito kidogo kama boga changa ni kingine. Nikatafuta Kilimanjaro. Nikatafuta Amsterdam. Calgary haikuandikwa, ila niliikumbuka ilipokaa. Nikakata uzi uliofungia mafaili.

"Unafanya nini na huo uzi?" mama akauliza.

"Napima."

"Unapima nini kwenye mali yangu?"

Nikamwambia nitaulipa huo uzi kwa kushusha boksi kumi bure. Akanitazama kwa shaka, akavuta kiti akakaa mahali ambapo mikono yangu yote miwili ilionekana.

Kilimanjaro hadi Amsterdam nilipata vidole vitano. Halafu nikaweka uzi Amsterdam, nikaupeleka magharibi juu ya bahari kama tulivyofanya ukutani, nikaukaza. Haukukaa. Kila nilipoukaza uliteleza ukapanda juu. Nikaurudisha chini, nikaubana kwa kidole gumba, nikakaza tena, ukapanda tena, na mahali ulipotulia wenyewe, umenyooka, mfupi kabisa, ulikuwa umelala juu ya nchi ya barafu. Nikahesabu. Vidole vitano na kitu kidogo, nusu ya kidole haifiki.

Nilikaa chini kwenye maboksi. Nilimuuliza mama kama huko Amerika saa zao ni sawa na zetu. Alicheka mara ya kwanza tangu nimjue, akasema ana mdogo wake Marekani, akipiga simu yeye anapika chakula cha jioni na mdogo wake ndiyo kwanza anapiga mswaki. "Jua ni lile lile moja," alisema. "Unafikiri litawafikia wote kwa wakati mmoja?" Na mtu akiruka kuelekea magharibi, nikawaza, jua linakwenda naye, kama ng'ombe wanaokwenda upande mmoja na mchungaji. Mchana wake hauishi. Saa saba, saa nane. Fundi alisema kweli yote, hadi ile iliyomharibia.

Nilimaliza maboksi yale kumi. Kesho yake nikapanda gari la Katesh.

*

Mdogo wangu alikuwa uani akichambua maharage. Nywele zake za mbele zilikuwa zimeanza mvi mbili tatu. Nilimsalimu, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza kila kitu kuanzia uzi hadi barafu, na sikumtazama usoni mpaka nilipomaliza. Hakuacha kuchambua.

"Niliyajua," alisema. "Alinieleza kwenye barua ya kwanza. Alinichorea."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Kwa nani? Baba angemwamini nani, mimi au kamba?" Akapuliza maganda. "Kitu kimoja tu nilitaka. Nilitaka baba aseme sikuwa mjinga. Mtu mwenyewe nasikia parokiani ameshaoa huko, ana watoto. Hilo limekwisha. Lakini kila akija mgeni hapa nasikia nilivyokuwa mjinga, na chai naleta mimi."

Nikasimama, nikachukua boga moja lililokuwa ukutani, nikatafuta miiba miwili.

Baba alikuwa amekaa juani mbele ya nyumba na blanketi mabegani. Alikuwa amezeeka ila macho yake yalikuwa yale yale ya mnadani. Nilimwamkia, nikamwekea boga mapajani. Nilichoma mwiba mmoja nikasema hapa ni Amsterdam, mwingine nikasema hapa ni Calgary, nikachora barafu kwa mkaa. Nikampa ncha moja ya uzi aishike mwenyewe. Uzi ukapanda juu ya mkaa kama ulivyopanda kule dukani.

Baba alitazama boga. Halafu akanitazama mimi.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, baba."

"Amekuandikia? Amekuahidi kukupeleka huko?"

Nikasema sijawahi kumsikia tangu apande basi. Alifikiri. Nilimwona akitafuta mahali ambapo nimeficha kitu, akinipindua kama tulivyopindua betri na mifuko ya mbegu, na nilielewa kwamba kama angekuwa na uzi mrefu wa kutosha angenipima na mimi.

"Boga ni boga," alisema mwishowe. "Ile ramani ilichapwa na serikali. Na mshenga wao alishika ncha."

"Alishika, baba. Na mimi ndiye niliyehesabu. Nilikosea."

Alikuwa hajawahi kusikia neno hilo likitoka kwangu, na nadhani lilimtisha kuliko boga. Mdogo wangu alikuwa amekuja kwenye kizingiti, ungo mkononi. Baba hakugeuka kumtazama, ila sauti aliipandisha kidogo, ikawa ya mtu anayeuliza nyumba nzima.

"Kutoka huko kwake hadi hapa ni muda gani, kwa jumla?"

Nilifungua mdomo nianze kuhesabu. Mdogo wangu alijibu kabla yangu, bila kufikiri, kama mtu anayetaja umri wa mtoto wake.

"Siku mbili, baba. Saa nane hadi Amsterdam. Asubuhi moja ya kusubiri. Saa nane na nusu hadi KIA. Zinazobaki ni za barabara."

Baba alitikisa kichwa taratibu. Aliichomoa miiba kwenye boga, mmoja mmoja, akaishika kiganjani.

"Siku mbili tu," alisema. "Basi si mbali. Angeweza kuja hata mara moja kutusalimu."

"Angekuja kumsalimu nani, baba?" mdogo wangu akauliza.

Jioni ile alikuja mgeni kutoka Mogitu, mnunuzi wa dengu, akakaa pale pale juani hadi baridi ilipoanza. Mdogo wangu alileta chai. Baba alimuuliza mgeni habari za mvua, habari za bei, habari za barabara. Kisha wakanywa, na baba hakusimulia habari ya vidole.